Mzunguko wa Kwanza

Nilikuahidi kona ile, Basilisa,
kona ya pipa la maji na turubai la bluu.
Nikakuonyesha kwa kidole siku ya mazoezi:
hapa, baba yako, kofia nyekundu,
kila ukizunguka utaniona.

Nilitoka Mbulu na basi la alfajiri,
Arusha nikalala kwa shemeji kwenye kochi fupi,
Holili wakanigongea muhuri, Taveta wakaniuliza nimebeba nini.
Futikamba, nikasema. Mahindi ya kukaanga. Bendera.
Askari akacheka: mzee, bendera unaenda kuipima?

Kweli napima. Miaka thelathini nimeshika randa,
nimetengeneza madawati ya shule tatu
na majeneza ambayo sipendi kuyahesabu.
Mlango kwangu ulikuwa mbao tano na mshazari mmoja nyuma.

Basi asubuhi ya mbio nikajiambia:
mbio saa nne, sasa saa moja,
ngoja niione Ngome kwa nje, nirudi.
Ngome nikaiona. Ukuta. Sawa.
Kosa langu ni kushika Ndia Kuu.
Harufu ya mahamri, paka wawili wanagombana,
pikipiki imeegemea ukuta wa matumbawe,
halafu ule mlango.

Sijui nikuelezeje.
Msaji, mweusi kwa mafuta ya viganja.
Miimo imechongwa mnyororo, pete ndani ya pete,
na chini kabisa, karibu na kizingiti,
mahali mtu hupatazama akivua viatu tu,
samaki.
Kila gamba limekatwa peke yake.
Nikapiga magoti. Nikapima kina cha gamba kwa ukucha.

"Ndoo ndani, fundi," sauti ikasema, "hauumi."
Shekuwe, penseli sikioni, vumbi la mbao kwenye nyusi.
Umejuaje mimi fundi?
"Watalii hupiga picha. Wewe wanusa."
Akanipa kahawa chungu, akanifunza
ubao dume na ubao jike,
upi hufunguka kwanza, na kwa nini.
Kikombe cha pili. Cha tatu.
Ndipo mngurumo ukapita juu ya mapaa,
maelfu kwa pumzi moja,
na mimi futikamba imefunguka hadi mwisho.

Nilikimbia, mwanangu. Usicheke.
Viatu vya kanisani, na jua la Mombasa limenikalia shingoni
kama gunia la chumvi mbichi.
Nilifika kwenye pipa ukiwa mzunguko wa tatu,
nyuma ya Mhabeshi mwenye soksi ndefu,
mdomo wazi, macho yakanipita
kama mtu anayesoma kibao cha barabarani.
Sekunde nne. Baadaye nne nyingine.
Sitini na moja.

Hemani mwa madaktari, barafu kichwani, ukaniuliza:
"Mzunguko wa kwanza ulisimama wapi?"
Nikasema jua lilikuwa machoni pako.

Kesho yake nikakupeleka, unachechemea,
nikakuonyesha samaki.
Ulikaa kizingitini. Ukahesabu magamba kwa kidole,
ukapotea, ukaanza upya.
"Kumbe ulikuwa hapa," ukasema.
Si kwa hasira. Wala si kwa msamaha, nadhani.
Shekuwe akauliza umeshika nambari ngapi,
ukamwambia, naye akasema, "Sitini na moja? Duniani?"
akaenda kukununulia mahamri.

Sasa Mbulu ni ukungu, na banda la kuku lilikuwa halina mlango.
Nimeuchonga. Mninga, maana msaji nitautoa wapi.
Mama yako ameuliza haya mapindopindo ni nini.
Nikamwambia bahari.
Akatazama kuku, akanitazama mimi.

Samaki bado. Gamba la kwanza limenipasukia mara mbili.
Ukirudi kutoka kambini usiingie ndani kwanza,
zunguka nyuma ya nyumba.
Nitakuwa pale. Kofia nyekundu.